Somo la Tisa: Kiu ya Moyo na Maji Yanayoikata



 Katika somo lililopita tulisema juu ya Ubatizo, na namna unavyotufanya kuwa wana wa Mungu. Leo tunataka kulijibu swali ambalo wakristu wengi huliuliza kwa sauti ya chini, hasa wakati wa taabu: Nimebatizwa, nasali, naenda Misa, mbona moyo wangu haujatulia? Na wengine husema waziwazi zaidi: Dini hii imenipa nini?

Swali hilo si dhambi, wala msione haya kuliuliza. Afadhali mtu anayeuliza na kutafuta, kuliko yule anayekaa kimya kanisani mchana, kisha usiku hushika njia nyingine. Basi tusikilize vizuri.

1. KILA MOYO UNA KIU

Mtazameni mbuzi. Akiisha kushiba majani hulala kivulini, wala hatamani kitu kingine mpaka njaa imrudie. Mwanadamu sivyo alivyo. Hata akila ugali na samaki mpaka kushiba, hata watoto wake wakiwa wazima na ghala yake ikiwa na mahindi, bado huketi jioni mbele ya moto akiwaza. Kuna kitu anachokikosa, naye hawezi kukitaja jina lake.

Hali hiyo yatoka wapi? Katekisimu yatufundisha kwamba Mwenyezi Mungu alituumba ili tumjue, tumpende, tumtumikie hapa duniani, kisha tukae naye milele mbinguni. Basi yeye ndiye mwisho wetu. Moyo ulioumbwa kwa ajili ya Mungu hauwezi kujazwa na kitu kilicho kidogo kuliko Mungu.

Chukueni mfano wa kibuyu. Kibuyu cha maji ukikijaza mchanga mpaka mdomoni, kimejaa kweli, tena ni kizito mabegani. Lakini ukifika nacho shambani wakati wa jua kali, ukikiinamisha ili unywe, utapata nini? Ndivyo walivyo watu wengi. Hawakosi vitu, wamejaa mchanga.

2. VISIMA VISIVYOKATA KIU

Watu hukimbilia visima vitatu wakitafuta kuikata kiu hii.

Kisima cha kwanza ni mali. Mali si mbaya kwa yenyewe. Jembe ni mali, mbuzi ni mali, na karo ya shule ya mtoto hulipwa kwa mali. Ubaya waanza pale mtu anapoiambia mali: Wewe ndiwe utakayenituliza. Wahenga walisema, Tamaa mbele, mauti nyuma.

Kisima cha pili ni sifa ya watu. Mtu hupenda asalimiwe kwanza, apewe kiti mbele ya wenzake, na neno lake liwe la mwisho penye baraza. Lakini sifa ni kama umande: asubuhi yote iko, na jua likipanda kidogo huioni tena.

Kisima cha tatu ni hofu, nacho ndicho chenye maji machungu kuliko vyote. Mtu akipatwa na msiba hutaka kujua ni nani aliyemtendea. Hupenda zaidi kumpata adui wa kumchukia kuliko kubaki na uchungu wake mbele ya Mungu. Basi huenda kwa mpiga ramli.

Ndugu zangu, visima hivi sikuvisoma katika kitabu tu. Nimevinywa mimi mwenyewe. Nawaambieni sasa, ili asiwepo mtu wa kusema kwamba katekista hajui shida za watu.

Nilipokuwa kijana, nikiisha kubatizwa, niliacha shamba la baba yangu nikaenda kuchimba dhahabu. Nikafanya kazi huko miaka miwili, katika matope na giza. Siku za Dominika sikwenda kusali, kwa sababu mashimo hayakujua Dominika. Nikarudi na fedha, nikaezeka nyumba yangu kwa mabati, nyumba ya kwanza yenye mabati katika mtaa wetu. Jioni ya kwanza niliketi uani nikiitazama, nikasema moyoni, Sasa nimefika. Lakini kabla mvua za mwaka ule hazijaisha, jirani yangu alijenga nyumba ya mabati iliyokuwa kubwa kuliko yangu. Na mimi, niliyekuwa nimelala vizuri katika nyumba ya nyasi, nikakosa usingizi katika nyumba ya mabati.

Mwaka uliofuata homa ilimshika binti yetu wa kwanza. Alikuwa ameanza tu kuniita baba. Alikaa na homa siku nne, akafa. Ndugu mmoja wa ukoo akanijia usiku, akaniambia, Mtoto hafi bure; nenda ukaulize. Nikaenda. Nikatoa mbuzi. Yule mpiga ramli akamtaja shangazi yangu, dada ya baba, mjane asiye na mtoto, ambaye ndiye aliyenibeba mgongoni nilipokuwa mdogo.

Nikamwamini. Mwaka mzima sikumsalimu shangazi yangu. Tulikutana njiani nikageuza uso. Watu wakaanza kumnong'ona, na watoto wakakatazwa kupita karibu na mlango wake. Mnajua ninyi nyote jambo kama hilo linavyoweza kumalizika katika vijiji vyetu. Wazee wengi wamefukuzwa makwao, na wengine wameuawa kwa sababu ya neno kama lile nililolipokea mimi. Na moyo wangu je, ulitulia? Hata kidogo. Mtoto wangu hakurudi, na uchungu uliokuwa mmoja ukawa miwili.

Ndipo mzee aliyenifundisha dini alipokuja nyumbani kwangu. Hakunikaripia. Aliketi, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, Mwanangu, umempa yule mtu mbuzi, naye amekupa adui. Biashara gani hiyo? Kisha akanyamaza. Baadaye akaondoka.

Neno lake halikuniachia nafasi. Dominika ile nilikwenda kuungama kwa Padri. Nikatoka kanisani nikaenda moja kwa moja mpaka mlangoni pa shangazi. Nilipiga magoti, nikashindwa kusema yote niliyoyatayarisha. Naye alinitazama kitambo, akasema tu, Mwanangu, nenda unichotee maji, nipike tule. Nikachukua mtungi wake nikashuka mtoni, mimi mwanamume mzima, watu wote wakinitazama. Siku ile nilijua kwa mara ya kwanza maana ya kutulia moyo. Binti yangu alikuwa bado kaburini. Mabati yangu yalikuwa bado madogo kuliko ya jirani. Wala hakuna kitu kilichoongezeka katika nyumba yangu. Lakini nilikuwa nimerudi kwa Mungu, nimerudi na kwa ndugu yangu.

3. MWANAMKE KISIMANI

Hayo ndiyo Bwana wetu aliyoyafundisha penye kisima. Mtume Yohane ametuandikia habari hiyo katika mlango wa nne wa Injili yake. Yezu alikuwa amechoka kwa safari, akaketi penye kisima cha Yakobo, karibu na mji wa Sikari katika nchi ya Samaria. Ilikuwa saa sita ya mchana. Akaja mwanamke kuchota maji, na Yezu akamwomba maji ya kunywa. Mwanamke akashangaa, kwa maana Wayahudi na Wasamaria hawakupatana. Kisha Yezu akamwambia habari ya maji mengine, ambayo mtu akiyanywa hatapata kiu tena.

Angalieni jinsi yule mwanamke alivyofikiri kwanza. Alidhani ni maji yatakayomwokoa na taabu ya kubeba mtungi kila siku. Akasema moyoni kama wengi wetu tunavyosema: Dini hii ni nzuri, itanipunguzia kazi. Lakini Yezu alimgusa mahali panapouma. Alimwambia amwite mumewe. Kumbe alikuwa amekuwa na waume watano, na yule wa sita hakuwa mumewe. Nyumba sita alizitafuta pumziko asilipate. Bwana alijua yote hayo, wala hakumfukuza.

Na mwisho wake nini? Mwanamke aliuacha mtungi wake pale pale, akakimbia mjini kuwaita watu waje kumwona Yezu. Fahamuni jambo hili: alikuja kuchukua, akaondoka ili kutoa. Hii ndiyo alama ya moyo ulioanza kushiba. Mwenye njaa hukumbatia sahani yake; aliyeshiba huwakaribisha wengine.

4. MWAFRIKA ALIYETAFUTA MIAKA MINGI

Labda mtu atasema, Mimi nimekwisha kupotea mno. Basi asikie habari za Mtakatifu Agustino, mtu wa bara letu. Alizaliwa mwaka 354 katika mji wa Thagaste, katika nchi ambayo leo huitwa Algeria. Mama yake, Mtakatifu Monika, alikuwa mkristu. Agustino alikuwa na akili nyingi. Alisoma katika mji wa Carthage, akawa mwalimu wa kunena vizuri mbele ya watu, akafundisha hata Roma na Milan. Alitafuta sifa akaipata. Aliishi na mwanamke bila ndoa, akazaa naye mtoto. Alifuata kwa miaka kama tisa mafundisho ya watu wasiomjua Kristu vilivyo. Na katika yote hayo moyo wake haukupumzika.

Mama yake hakuacha kumwombea kwa machozi. Mwishowe, katika mwaka wa 386, Agustino akiwa Milan alisoma maneno ya Mtume Paulo, na moyo wake ukashindwa. Askofu Ambrosio alimbatiza katika Paska ya mwaka 387. Baadaye alirudi Afrika, akawa Askofu wa Hippo, akawatumikia watu wake mpaka alipokufa mwaka 430. Katika kitabu chake cha Maungamo amekiri mbele ya wote kwamba moyo wa mtu hautulii mpaka umfikie Mungu. Aliyasema hayo mtu aliyejaribu visima vyote, tena vilivyo virefu kuliko vyetu.

Mama mnaolia kwa ajili ya watoto waliopotea, kumbukeni Monika. Sala ya mama haipotei njiani.

5. MTU WA KONGO ALIYEKUWA NA SHIBE HII

Na sasa tutazame karibu zaidi, katika nchi yetu wenyewe. Mwenye heri Isidori Bakanja hakuwa mtu wa mali wala wa cheo. Alikuwa kijana mfanya kazi, msaidizi wa waashi katika mji ambao leo ni Mbandaka. Alibatizwa tarehe 6 Mei 1906. Alivaa shingoni skapulari ya Bikira Maria, akashika rozari, na wenzake wa kazi aliwafundisha sala alizojifunza. Alikuwa mlei kama ninyi.

Baadaye alikwenda kufanya kazi katika mashamba ya kampuni, na huko mkubwa mmoja Mzungu, aliyechukia dini, alimwamuru kuivua skapulari na kuacha kuwafundisha watu sala. Bakanja hakukubali. Katika mwaka 1909 alipigwa kwa mjeledi wenye misumari mpaka mgongo wake ukawa jeraha moja. Majeraha yakaoza. Aliteseka miezi mingi. Mapadri walipofika kumwona, alisema kwamba hana chuki na yule Mzungu, na kwamba akifika mbinguni atamwombea. Akafa tarehe 15 Agosti 1909, sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza mwenye heri mwaka 1994.

Ndugu, pimeni wenyewe. Yule mkubwa alikuwa na nyumba, bunduki, watumishi na mjeledi. Lakini skapulari ndogo shingoni mwa mtumishi ilimnyima amani. Bakanja hakuwa na kitu, hata ngozi ya mgongo wake ilikuwa imeondoka. Naye alikuwa na akiba ya kumpa hata adui yake. Ni nani kati yao aliyeshiba?

Hatusemi kwamba mateso ni mema, wala kwamba aonewaye anyamaze daima. Dhuluma ni dhambi, nayo humlilia Mungu. Twasema tu kwamba kuna shibe ambayo mjeledi hauwezi kuifikia.

6. NAMNA YA KUYACHOTA MAJI HAYA

Chemchemi ipo, lakini asiyeinama hanywi. Tufanye nini?

Kwanza, tusali kila siku, asubuhi na jioni, baba na mama pamoja na watoto. Mtu asiyesema na Mungu katika raha hatajua la kumwambia katika msiba.

Pili, tuzipokee Sakramenti. Katika Kitubio twatupa mchanga uliojaa kibuyuni. Katika Ekaristia Yezu mwenyewe atujaza. Na mahali Padri asipofika kila juma, tukusanyike hata hivyo, tusikilize Neno la Mungu, tuombe pamoja.

Tatu, tusameheane. Ukiwa na ndugu usiyemsalimu, usishangae kwamba moyo wako ni mkavu. Umelifunga mwenyewe lango la maji.

Nne, tuache ramli na hirizi kabisa. Mtoto akiugua, mpelekeni upesi kwa waganga wa hospitali, nanyi msali njiani. Dawa ni zawadi ya Mungu, na kuchelewa kwa sababu ya ramli kumewaua watoto wengi.

Tano, tufanye kazi zetu kwa moyo mmoja. Imani si sababu ya kuliacha jembe. Mama anayetwanga, baba anayelima, kijana anayevua samaki, wote waweza kumtolea Mungu kazi yao asubuhi, nayo ikawa sala.

Wala msidanganyike na wale wanaosema kwamba mtu akiamini hatakuwa maskini wala hataugua. Bwana wetu hakusema hivyo. Yeye mwenyewe alisikia kiu msalabani. Alituahidi kukaa pamoja nasi, na ahadi hiyo yatosha. Hapa duniani tunaonja. Mbinguni tutakunywa na kushiba kabisa.

MASWALI YA KUJIFUNZA KWA MOYO

Swali: Mungu alituumba kwa nini?
Jibu: Alituumba ili tumjue, tumpende, tumtumikie duniani, kisha tukae naye milele mbinguni.

Swali: Mbona vitu vya dunia havitoshi kuutuliza moyo?
Jibu: Kwa sababu moyo umeumbwa kwa ajili ya Mungu, na vitu vyote ni vidogo kuliko Mungu.

Swali: Je, mkristu hapatwi na taabu?
Jibu: Hupatwa kama watu wote, lakini hayuko peke yake, kwa maana Kristu yu pamoja naye.

Swali: Alama ya moyo ulioshiba ni ipi?
Jibu: Ni kupenda, kutoa na kusamehe.

Swali: Maji ya uzima twayapata wapi?
Jibu: Kwa Yezu Kristu, katika sala, katika Neno lake, na katika Sakramenti za Eklezya.

KAZI YA JUMA HILI

Kila mmoja amtafute mtu mmoja ambaye hamsalimu, au ambaye watu wamemtenga. Asimpelekee maneno mengi. Amchotee maji, au amkatie kuni, kisha aketi naye kidogo.

Sasa tusimame tusali. Ee Bwana Yezu, uliyeketi penye kisima ukitungoja, utuonyeshe mchanga tulioubeba, utusaidie kuumwaga. Utujaze wewe mwenyewe, ili tuwe na kitu cha kuwapa ndugu zetu. Bikira Maria, Mama yetu, utuombee. Mwenye heri Isidori Bakanja, utuombee. Amina.

Kwaherini, ndugu wapenzi, mpaka somo lijalo, ambapo tutasema juu ya ndoa ya kikristu. Mungu awabariki, ninyi na nyumba zenu.